Halmashauri za kando ya ziwa zitutengee fukwe za kupiga kambi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa madiwani na maofisa wa halmashauri zinazopakana na Ziwa Victoria, kuhusu jambo ambalo wengine wataliona kuwa la anasa ilhali mimi naliona kuwa la haki. Nazungumzia nafasi ya familia yenye kipato cha kawaida kufika ziwani, kulala hapo siku mbili tatu pamoja na watoto, wazee na hata mbwa wao, kisha kuondoka bila kuacha uchafu na bila kulazimika kumwomba ruhusa mwenye hoteli. Nimezaliwa na kukulia Musoma, na kwa miaka mingi sasa naishi na mume wangu na watoto wetu St. Paul, mji mkuu wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ambako kila kiangazi tunafunga trela nyuma ya gari na kwenda kupiga kambi kando ya ziwa. Nitaeleza jinsi mambo hayo yanavyoendeshwa huko, kwa sababu naamini sehemu kubwa yake inawezekana kwetu, na kwa gharama ndogo kuliko tunavyodhani.

Kilichonisukuma kuandika ni likizo yetu ya mwisho nyumbani. Tulikuwa katika mji mmoja wa kando ya ziwa, na mchana mmoja tukatoka na watoto kutafuta mahali pa kutandika mkeka na kukaa hadi jua lizame. Upande mmoja tulikuta ukuta, na mlinzi wa getini akatuambia kwa adabu kwamba ufukwe ni wa wateja wa hoteli na chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi. Upande wa pili ulikuwa mwalo, watu wakianika dagaa na kushusha sangara, na huko hatukuwa na haki ya kuwasumbua watu kazini. Katikati yake palikuwa na kichaka kilichojaa chupa za plastiki na kinyesi. Tukarudi nyumbani. Watoto wangu, ambao nilikuwa nimewasimulia ziwa hilo tangu wakiwa wachanga, waliliona siku hiyo kupitia matundu ya uzio.

Minnesota nayo ni nchi ya maziwa. Yale yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea peke yake yamehesabiwa yakafika 11,842, na upande wa kaskazini-mashariki jimbo linapakana na Ziwa Superior, ambalo kwa eneo la uso wake ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya maji baridi duniani, likifuatiwa na Ziwa Victoria letu. Majira ya baridi huko ni marefu na makali, maziwa huganda hadi watu wakapita juu yake kwa magari, na kwa hiyo kiangazi kinapofika watu hukitumia kana kwamba kitawaponyoka. Ijumaa jioni barabara za kuelekea kaskazini hujaa magari yanayovuta trela. Mwezi Juni jua huchelewa kuzama hadi saa tatu usiku, jambo ambalo sisi tuliozoea giza la saa moja hulishangaa kila mwaka.

Trela ninayoizungumzia si ile ya kubebea makontena bandarini. Ni chumba kidogo chenye magurudumu, ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, sinki na choo, na chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji yaliyotumika kuoshea vyombo na kuogea, na la choo. Yetu tuliinunua ikiwa imeshatumika, kwa familia iliyokuwa ikihama. Wasio na trela hulala kwenye hema katika maeneo yaleyale, ziwa lilelile, kwa sheria zilezile, na hawalipii umeme wasiouhitaji. Nalisema hili mapema ili msomaji asiishie kuona kwamba nahubiri habari za watu wenye fedha. Trela ni starehe ya ziada tu. Kinachoifanya safari iwezekane ni ardhi ya umma iliyotunzwa.

Nitoe mfano wa mahali ninapopafahamu vizuri. Hifadhi ya jimbo ya Itasca iko yapata kilomita 350 kutoka Minneapolis, ina ukubwa wa ekari zaidi ya 32,000, na ndani yake mna maziwa zaidi ya 100. Katika Ziwa Itasca ndiko Mto Mississippi unakoanzia, ukiwa kijito ambacho mtoto hukivuka kwa kukanyaga mawe, kabla ya kusafiri zaidi ya kilomita 3,700 hadi Ghuba ya Meksiko. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria, ambalo maji yake hutoka Jinja kuwa Mto Naili, hapati taabu kuelewa kwa nini wenyeji wanapaheshimu mahali hapo.

Lakini ufukwe huo haukubaki wazi kwa bahati. Mwishoni mwa karne ya 19 makampuni ya mbao yalikuwa yakikata misonobari ya kaskazini kwa kasi ya kutisha, na Jacob Brower, mpima ardhi na mwanahistoria, alihangaika sana kuwashawishi wabunge wa jimbo wailinde misitu iliyouzunguka mwanzo wa mto. Mwaka 1891 hifadhi ilipitishwa kwa tofauti ya kura moja tu. Hata baada ya hapo vita haikuisha. Mwaka 1903 msimamizi wa hifadhi alifariki dunia na binti yake Mary Gibbs, mwenye umri wa miaka 24, akashika nafasi yake. Wakata mbao walikuwa wamefunga lango la bwawa ili kusafirishia magogo, maji yakapanda na kuzamisha ufukwe na mizizi ya miti. Binti huyo alikwenda kuwataka wafungue, akatishiwa bunduki, na hakurudi nyuma. Leo kituo cha wageni kilichopo kwenye mwanzo wa mto kina jina lake. Na kabla ya hao wote nchi hiyo ilikuwa ya Waojibwe, wenyeji wake wa asili. Ni Ozawindib, mtu wa kabila hilo, aliyemwongoza Henry Schoolcraft, Mmarekani aliyekuwa akitafuta mwanzo wa mto, kufika ziwani hapo mwaka 1832, na habari za jinsi Waojibwe walivyopoteza sehemu kubwa ya ardhi yao hazipaswi kufunikwa na uzuri wa misonobari. Nayataja haya kwa sababu nyumbani husikia watu wakisema kwamba wenzetu wana fukwe za umma kwa kuwa wana nafasi kubwa na fedha nyingi. Itasca ipo kwa sababu watu fulani waligombania, na ilinusurika kwa kura moja.

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Bunda tulikwenda naye huko. Tulipomaliza kuegesha alikaa kwenye kiti mbele ya trela, akatazama maji kwa muda mrefu, kisha akaniita.

"Mwanangu, hapa mwenyewe ni nani?"

"Ni pa jimbo, mama. Maana yake ni pa wote."

"Na hakuna atakayekuja kutuondoa?"

"Hakuna, mama, mpaka siku tulizolipia ziishe."

Alitikisa kichwa na kusema kwamba huko kwao, alipokuwa msichana, walichota maji na kuoga mahali ambapo sasa pamejengwa ukuta, na kwamba hakumbuki mkutano wowote wa kijiji uliojadili ukuta huo.

Sasa nieleze utaratibu, kwa kuwa hapo ndipo penye somo. Kila familia hupata kiwanja chake chenye namba, na nafasi unaweza kuiweka hadi siku 120 kabla ya safari. Kiwanja kina sehemu iliyosawazishwa na kumwagwa kokoto kwa ajili ya gari na trela, meza ya mbao, na duara la chuma la kuwashia moto ili moto usitambae msituni. Viwanja vingine vina nguzo ya umeme, vingine havina. Mabomba ya maji safi yako karibu, vyoo na mabafu ni ya pamoja na husafishwa, na kati ya kiwanja na kiwanja huachwa miti ili kila familia iwe na faragha yake. Tulipokwenda tulilipia kibali cha gari cha mwaka mzima kwa dola 35, kinachoruhusu kuingia katika hifadhi zote za jimbo, na juu yake tukalipia kila usiku tuliolala. Kuanzia saa nne usiku muziki na kelele huzimwa, na askari wa hifadhi hupita kwa upole lakini hupita kweli.

Kuni haziruhusiwi kutoka nyumbani. Unanunua kuni zilizoidhinishwa hapohapo au karibu na hapo, kwa sababu kuna mdudu mwenye rangi ya kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa karibu na Detroit mwaka 2002 na kufika Minnesota mwaka 2009, ambaye huua aina fulani ya miti na husafirishwa na watu ndani ya kuni bila wao kujua. Wenye mashua nao wanatakiwa kuzisafisha na kutoa maji yote kabla ya kuondoka ziwani, ili wasipeleke kome wageni na magugu katika ziwa jingine. Sisi tulioona magugu maji yakilivamia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, hadi mitumbwi ikashindwa kutoka mwaloni, hatuhitaji kuelezwa mara mbili faida ya sheria ya namna hiyo.

Jambo ninalolithamini kuliko yote katika kambi hizo ni lile ambalo wageni hawalipigi picha. Siku ya kuondoka magari hupanga foleni kwenye kituo cha kumwagia majitaka. Unavaa glavu, unaunganisha bomba nene kwenye tundu la trela na ncha yake ya pili kwenye tundu la sakafuni lenye mfuniko, halafu unafungua kwanza valvu ya tangi la choo. Likishakwisha unafungua la maji ya sinki ili yasuuze bomba, kisha unaosha sakafu kwa mpira uliowekwa hapo na kumpisha anayefuata. Kazi hiyo haizidi dakika chache, na hakuna tone linalokwenda ziwani. Mtoto wetu mkubwa sasa huifanya chini ya uangalizi wa baba yake, na amekwisha kujua tangu mdogo kwamba uchafu wa binadamu una mahali pake na kwamba mahali hapo si majini.

Kuhusu kuvuta trela nitasema machache, kwa wale watakaotamani kujaribu. Uzito unaokandamiza kwenye ndoano ya gari unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Ukipakia vitu vizito nyuma, trela huanza kuyumba kulia na kushoto barabarani na inaweza kuliangusha gari. Minyororo miwili ya usalama hupitishwa chini ya ndoano kwa kupishana, ili ndoano ikichomoka ncha ya trela idakwe nayo badala ya kujichimbia kwenye lami. Trela yenye uzito wa pauni 3,000 au zaidi, yaani takriban kilo 1,360, katika Minnesota lazima iwe na breki zake yenyewe. Ukishafika unaweka kabari kwenye magurudumu kabla ya kuifungua kutoka kwenye gari, wala si baada. Mume wangu huendesha na mimi husimama nyuma kumwelekeza, na tumekubaliana kwamba asiponiona kwenye kioo anasimama hapohapo.

Sasa nije kwa mbwa, kwa sababu najua ndiyo sehemu itakayowashangaza wengi. Tuna mbwa wawili, Simba ambaye ameshazeeka na Popi ambaye bado ana utoto, nao husafiri nasi garini, kamwe si ndani ya trela inayotembea. Katika hifadhi za Minnesota mbwa anaruhusiwa kambini na kwenye njia nyingi za kutembea, lakini lazima afungwe kamba isiyozidi futi 6, karibu mita mbili, na lazima awe na mtu wakati wote. Haruhusiwi kuingia katika majengo wala kwenye sehemu ya ufukwe iliyotengwa kwa waogeleaji. Kinyesi chake mwenyewe hukizoa kwa mfuko. Mtu anaweza kudhani kwamba sheria hizo zimewekwa ili kuwabana wenye mbwa. Mimi nimeziona zikifanya kinyume chake.

Kiangazi kimoja jirani zetu wa kiwanja cha pili walikuwa familia ya Kiislamu yenye asili ya Mombasa. Kabla hatujamaliza kuweka kabari, mama wa familia hiyo alikuja kwa heshima kubwa.

"Asalaam aleikum, dadangu. Sisi twaswali hapa nje, na mbwa akitutia mate nguoni ni kazi. Watafungwa hawa?"

"Waaleikum salaam, dada. Wamefungwa, na kamba zao hazifiki hata nusu ya njia ya kuja kwenu. Tutawafungia upande wa pili wa trela, msiwe na wasiwasi."

"Basi kheri, dadangu. Mungu awabariki."

Tulifanya hivyo, na asubuhi iliyofuata mtoto wake wa kike alituletea sahani ya mahamri yaliyofunikwa kitambaa, yangali na moto, harufu ya iliki ikitangulia. Watoto wao na wetu walivua samaki pamoja kwenye gati siku nzima. Kama kusingekuwa na sheria ya kamba, familia moja kati ya zetu ingelazimika kuhama au kubaki na kinyongo, na kwa kuwa wao ndio waliotangulia, haki ingetutaka tuhame sisi. Sheria ya mita mbili ilitutosha sote. Nyumbani kwetu, ambako Waislamu na Wakristo wanaishi mtaa mmoja, na ambako mbwa wengi hufugwa kwa ulinzi na watu wengi wana sababu nzuri za kuwaogopa, sheria kama hiyo inahitajika zaidi kuliko huko.

Mbwa pia hutufundisha kuyasoma maji. Wakati wa joto kali, hasa mwezi Agosti, maji ya baadhi ya maziwa hufunikwa pembeni na utando wa kijani unaoonekana kama rangi ya nyumba iliyomwagika. Ni bakteria wanaoitwa mwani wa kijani-buluu, wanaostawi pale mbolea, kinyesi na majitaka yanapolipa ziwa naitrojeni na fosforasi nyingi kupita kiasi. Baadhi yao hutoa sumu. Mbwa ndiye huathirika kwanza, kwa sababu hunywa maji hayo, huogelea ndani yake na kisha kujilamba manyoya, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Siku moja Popi aliivuta kamba kwa nguvu kuelekea kwenye utando huo, na kijana wetu wa kati, aliyekuwa amesoma bango kwenye njia ya kushukia ziwani, alimrudisha kabla hajagusa maji. Utando wa namna hiyo upo pia Ziwa Victoria, katika ghuba za Mwanza na Winam, na chanzo chake ni kilekile. Sijawahi kuona bango linalowaonya kina mama wanaochota maji mahali hapo.

Jioni huwapekua mbwa kupe, masikioni na katikati ya vidole, kisha tunawapekua watoto, kwa kuwa kupe wa misitu hiyo hueneza ugonjwa wa Lyme kwa watu na kwa mbwa pia. Na hakuna safari kabla ya chanjo, kwanza ya kichaa cha mbwa, pili ya distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa. Kuhusu hii ya pili naomba niwakumbushe wasomaji jambo lililotokea kwetu: mwaka 1994 virusi vya distempa viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wakatajwa kuwa chanzo kinachoelekea zaidi. Ndiyo maana sipendekezi hata kidogo mbwa waruhusiwe katika hifadhi za taifa, ambako katazo lina sababu za msingi. Nazungumzia fukwe za karibu na miji na vijiji, ambako mbwa wapo tayari, wanazurura bila kamba wala chanjo, na hakuna anayehesabu.

Najua nitaambiwa kwamba Victoria si Itasca, na nitakubali. Kwetu kuna mamba na viboko, na kuna kichocho, kinachoenezwa na konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia na yenye majani. Kwa hiyo mahali pa kambi hapachaguliwi kwa uzuri wa kutazama tu. Ufukwe wa mawe na mchanga, unaopigwa na mawimbi, usio na mafunjo, hauwapi konokono makazi mazuri. Wavuvi wa mahali hapo wanajua mamba wanapopita na viboko wanapotokea usiku kula majani, na hao ndio wa kuulizwa kabla ya mtu yeyote kuchora ramani. Pale ambapo maji si salama, bango liseme wazi kwamba hapa ni pa kulala na kutazama, si pa kuogelea. Kwa watoto wanaopanda mtumbwi, Minnesota humlazimisha kila aliye chini ya miaka 10 kuvaa jaketi okozi mashua inapotembea, na nchi iliyozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 haina sababu ya kuwa na sheria legevu kuliko hiyo.

Kisheria tunao msingi tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa miaka mingi tumeisoma sheria hiyo kama amri ya kubomoa tu, na mara nyingi anayebomolewa ni mwenye kibanda cha makuti huku ukuta wa matofali ukibaki. Napendekeza tuisome pia kama nafasi iliyoachwa kwa ajili ya wote. Hema linalokaa siku mbili na trela inayoondoka Jumapili si majengo ya kudumu. Vyoo, kituo cha majitaka, maegesho na ofisi ya mlinzi vijengwe nyuma ya mita hizo 60, mbali na maji. Mbele yake pabaki nyasi, miti ya asili na watu wanaopita. Wataalamu wa mazingira wa wilaya waamue ni familia ngapi ufukwe huo unaweza kuzibeba kwa usiku mmoja, na idadi hiyo isizidishwe hata siku za sikukuu.

Ada ipangwe kwa kuangalia mwalimu wa shule ya msingi na muuza duka, si mtalii. Wenye Noah watalala kwenye hema, na mafundi wetu wa kuchomelea, ambao hutengeneza matela ya kila aina ya kubebea mizigo, hawatashindwa kutengeneza trela ndogo ya kulala familia ikiwa patakuwepo mahali pa kuipeleka. Vijana wa kijiji husika waajiriwe kulinda, kusafisha na kuuza kuni zilizopandwa kwa kazi hiyo, na kina mama wa mwaloni wauze sato wa kuchoma kwa wageni wanaolala umbali wa hatua chache tu. Sehemu ya mapato irudi kijijini kwa maandishi, kwa hesabu inayobandikwa ubaoni, maana wananchi wakiona kwamba ufukwe umechukuliwa tena na watu wa mjini, safari hii kwa jina la umma, watakuwa na haki ya kuukataa.

Ninachoomba hakihitaji kuanza kote. Halmashauri moja tu, iwe ya mkoa wa Mara, Mwanza, Kagera, Geita au Simiyu, ipime kipande kimoja cha ufukwe ambacho bado hakijamilikishwa kwa mtu, ikitangaze kuwa cha umma kabla ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, na iweke hapo choo, bomba, mlinzi na bango la sheria, pamoja na sheria ya kamba ya mbwa. Madiwani wakihitaji kuona mipango ya viwanja, vipimo vya kituo cha majitaka au maneno ya mabango yanayotumika Minnesota, niko tayari kuwaandalia kwa Kiswahili bila malipo na kuwatumia kupitia gazeti hili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzaliwa wa Musoma,
St. Paul, Minnesota